Mchoro wa Mseto Kutokana na Picha Zako Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Mchoro wa mseto ni kazi moja iliyotengenezwa kwa nyenzo zaidi ya moja: penseli na rangi ya maji, wino na mkaa, rangi ya akriliki na vipande vya karatasi, au hata picha yenyewe iliyohamishiwa kwenye karatasi kisha ikachorewa juu. Kama simu yako ina picha ulizopiga mwenyewe, una pa kuanzia. Unakumbuka mwanga ulitoka upande gani, ulisimama wapi, na nini kilibaki nje ya picha. Kumbukumbu hiyo huwezi kuipata kwenye picha uliyochukua mtandaoni, mbali na kwamba picha ile ina mwenyewe.

Kabla hujanunua chochote, shika jambo hili: kila nyenzo ipewe kazi yake. Michoro mingi ya mseto huharibika pale nyenzo tatu au nne zinapogombea kazi moja, mkaa ukitia giza mahali ambapo wino umeshatia giza, na penseli ya rangi ikirudia yale yaliyokwisha kusemwa na rangi ya maji. Jicho la mtazamaji huchoka. Hatua zote zinazofuata zinatokana na kanuni hiyo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: picha ya mikono ya mwanamke mzee aliyeketi kando ya dirisha, ameshika kikombe kinachofuka mvuke, amevaa nguo yenye maua madogo madogo.

Hatua ya 1: Chagua picha yenye mwanga wa kuchorwa

Picha nzuri ya kutazama si lazima iwe nzuri ya kuchora. Machweo yenye rangi zote, kwa mfano, yameshamaliza kila kitu. Wewe utabaki kunakili tu. Tafuta picha ambayo mwanga umetoka upande mmoja, ukaacha upande mwingine kwenye kivuli. Kivuli ndicho kinachokuonyesha umbo. Picha iliyopigwa kwa taa ya simu kutoka mbele huwa bapa: vivuli vimefutika, na uso wa mtu hauna pua wala mashavu ya kushika.

Kuna kipimo rahisi. Punguza picha kwenye skrini mpaka iwe ndogo kama stempu, kisha finya macho nusu. Ukiona bado maumbo makubwa mawili au matatu yanasimama wazi, picha hiyo itafaa. Ukiona vurugu tu, iache, hata kama unaipenda.

Ukiamua kupiga picha mpya kwa ajili ya kuchora, usimsogelee mtu. Lenzi ya kawaida ya simu huona upana mkubwa, hivyo kilicho karibu hukua kupita kiasi: pua huvimba, mkono ulionyooshwa mbele huwa mkubwa kuliko kichwa. Simama kama mita 2, kisha vuta picha kidogo. Piga kadhaa: moja ambayo umegusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga, nyingine umegusa kwenye kivuli, na nyingine za karibu za vitu vidogo kama kucha, mshono wa nguo au ukingo wa kikombe. Kamera mara nyingi huunguza sehemu nyeupe au huzamisha vivuli vikawa weusi mtupu, na picha hizi za ziada zitakuambia kulikuwa na nini humo. Kama mtu anatambulika usoni na una nia ya kuonyesha au kuuza mchoro, mwombe ruhusa mapema.

Hatua ya 2: Ivue picha yale usiyoyahitaji

Fanya kazi hii kwenye simu au kompyuta, kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Kwanza kata kingo. Katika mfano wetu nimeondoa uso, kiti na nusu ya dirisha. Imebaki mikono, kikombe, mkono wa nguo na ukanda wa mwanga. Kama kuna kuta au milango iliyoinama, inyooshe sasa, maana kosa la lenzi likishaingia kwenye karatasi litaonekana kama kosa la mkono wako.

Halafu geuza nakala moja iwe nyeusi na nyeupe, na ongeza tofauti ya mwanga na giza mpaka ubaki na makundi matatu: nyeupe, kijivu cha kati, na giza. Programu nyingi zina njia ya kupunguza idadi ya toni, yaani viwango vya mwanga na giza, ukiiona, itumie. Nakala hii ya toni tatu ndiyo ramani yako, na kwa maoni yangu ina faida kuliko ile ya rangi. Filta za kugeuza picha ionekane kama imechorwa kwa penseli usiziguse. Zinakuamulia mistari, na kuamua mistari ndiyo kazi uliyokuja kuifanya.

Chapisha nakala mbili, ya rangi na ya toni tatu. Kwa ukubwa wa A4 wenye ukali wa nukta 300 kwa inchi unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508. Picha uliyoikata sana haitafikia hapo, na hilo si tatizo kama utaitumia kwa kuitazama tu. Ni tatizo kama unataka kuihamishia kwenye mchoro wenyewe. Hapo chapisha ndogo zaidi.

Ujue pia printa uliyotumia. Printa ya leza hutumia tona, ambayo ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukagandamana na karatasi, kwa hiyo haitoki kwa maji. Printa nyingi za wino za nyumbani hutumia wino unaosambaa mara brashi yenye maji inapopita. Kwa kazi ya kubandika au kuhamisha, chapisha kwa leza.

Hatua ya 3: Gawa kazi kabla ya kushika brashi

Chukua nakala ya toni tatu na kalamu, uandike juu yake. Zungushia kila eneo mstari na utaje nyenzo itakayolishughulikia. Kwa mikono ya yule mama mgawanyo ulikuwa hivi. Nguo ya maua: picha yenyewe, iliyohamishwa kwa jeli ya akriliki (njia yake iko kwenye Hatua ya 5), kwa sababu ua moja moja lingenichosha bila kuongeza maana. Ngozi ya mikono: penseli, kwa sababu makunyanzi yanataka ncha kali na mkono wa polepole. Ukuta wa nyuma: rangi ya maji ya kijivu chenye ubuluu. Giza lililo chini ya viganja: mkaa. Mvuke na ukingo wa kikombe unaong'aa: karatasi tupu, isiyoguswa na chochote.

Karatasi tupu nayo ni nyenzo. Ihesabu toka mwanzo, maana ukishaipaka, weupe wake hauwezi kurudi sawasawa.

Baada ya hapo chora vijichoro vitatu au vinne vidogo, kila kimoja kama kiganja, kujaribu mpangilio. Usikae navyo sana.

Hatua ya 4: Karatasi na vifaa

Karatasi ndiyo ya kutumia pesa. Karatasi ya printa, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, itajikunja mara tu maji yanapoigusa. Chukua karatasi ya rangi ya maji yenye gramu 300, isiyo na asidi ili isigeuke njano, na yenye ukwaruvu wa wastani. Laini kupita kiasi haishiki mkaa. Yenye ukwaruvu mkubwa inakatakata mistari ya kalamu. Ibandike kwenye ubao pande zote nne kwa utepe wa karatasi, na usiutoe mpaka kazi ikauke kabisa.

Vifaa vingine ni vichache: penseli za HB, 2B na 6B (6B ndiyo laini na nyeusi zaidi), mkaa wa kuchorea, kalamu ya wino usiotoka kwa maji, rangi za maji, hata za kisanduku kidogo, brashi moja bapa na moja ya ncha, raba ya kawaida na raba laini inayofinyangika, gundi ya PVA, jeli ya akriliki, na rangi nyeupe nzito, ama gwashi ama akriliki. Wino ujaribu mwenyewe, usitegemee maandishi ya kwenye kalamu: chora mstari kwenye kipande cha karatasi, uache ukauke, pitisha brashi yenye maji. Ukitoa wingu, huo ni wa kutumia mwishoni tu.

Hatua ya 5: Ipeleke picha kwenye karatasi

Kuna njia kadhaa, na unaweza kutumia mbili katika mchoro mmoja.

Njia ya miraba inafaa unapotaka kukuza. Chukua chapa ya sentimita 20 kwa 15 na uigawe kwa miraba ya sentimita 2.5, utapata miraba 8 kwa 6. Kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 30 chora miraba ya sentimita 5, kwa penseli hafifu sana. Kisha nakili mraba mmoja mmoja, ukitazama mstari unaingilia wapi na unatokea wapi. Mchoraji Chuck Close wa Marekani alijenga picha kubwa mno za nyuso kwa njia hii, akianzia kwenye picha za kamera zilizochorwa miraba. Faida yake ni kwamba unajifunza umbo unapolihamisha.

Njia ya kukandamiza ni ya haraka. Paka mgongo wa chapa kwa penseli ya 6B, futa unga uliozidi kwa karatasi laini, ibandike juu ya karatasi yako kwa upande mmoja ili uweze kuifunua, kisha pitia mistari kwa kalamu ya rangi tofauti ili uone ulikopita. Bonyeza kwa wepesi. Ukikwaruza kwa nguvu utaacha mfereji, na rangi ya maji itatuama humo ikatoa mstari mweusi usioutaka.

Njia ya tatu, ya jeli, inahamisha picha yenyewe, na hapa ndipo mseto unapopata utamu wake. Ifuate kwa utulivu.

Geuza picha kulia kushoto kwenye programu kama ilivyo kwenye kioo, maana itatokea kinyume. Ichapishe kwa leza kwenye karatasi ya kawaida, ukate sehemu unayoihitaji. Paka jeli ya akriliki kwenye karatasi ya mchoro, tabaka jembamba lakini lililoenea kila mahali, kisha laza chapa ikitazama chini. Sukuma hewa kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda kingoni. Jeli itakayochomoza pembeni ifute mara moja, kwa sababu ikipanda juu ya mgongo wa chapa itakauka ikawa ngozi ya plastiki na maji hayatapenya tena. Acha usiku kucha, au siku nzima kama hewa ina unyevu. Uharaka hapa hauna msamaha.

Ikishakauka, lowesha mgongo wa chapa kwa sponji, subiri dakika chache, halafu sugua kwa ncha ya kidole kwa mizunguko midogo. Karatasi itaanza kujikunja vipande vidogo na kutoka, na chini yake utaona maua ya nguo yamebaki kwenye jeli. Yakikauka yatafunikwa na ukungu mweupe: hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, kwa upole. Ukungu wa mwisho huondoka kwa kupaka tabaka jembamba la jeli juu.

Printa haina tona nyeupe, hivyo kila palipokuwa peupe kwenye chapa patakuwa wazi, na utaona kilicho chini. Maana yake unaweza kupaka eneo lile rangi ya maji au akriliki nyembamba kwanza, ikauke, ndipo uhamishie picha ya nyeusi na nyeupe juu yake. Nguo ya yule mama niliipaka njano hafifu kabla ya kuhamisha, na maua yakatokea meusi juu ya njano, mepesi kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Sehemu zitakazochanika kidogo usizirekebishe zote. Ndizo zitakazounganisha picha na penseli ya jirani.

Njideka Akunyili Crosby, msanii mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Marekani, amejulikana duniani kwa picha kubwa za karatasi ambamo picha za familia na za magazeti zimehamishwa na kuungana na rangi na penseli. Yeye hutumia asetoni. Njia hiyo ni ya haraka kuliko jeli, lakini asetoni hushika moto upesi na mvuke wake unaumiza, kwa hiyo usiijaribu ndani ya chumba kilichofungwa.

Hatua ya 6: Jenga tabaka, maji kwanza, mafuta mwisho

Mpangilio una sababu zake. Maji hayashiki juu ya mafuta wala nta, kwa hiyo pasteli za mafuta, yaani vijiti vya rangi yenye mafuta, zikitangulia, rangi ya maji itakusanyika matone matone na kuteleza. Akriliki nayo haigandamani vizuri juu ya mafuta, itabanduka baadaye. Na vumbi la mkaa au pasteli kavu likitangulia, brashi yenye maji italigeuza tope. Kwa hiyo fuata hivi: penseli hafifu ya ramani; kubandika na kuhamisha; rangi ya maji au akriliki nyembamba; wino; penseli, mkaa na pasteli kavu; pasteli za mafuta; na mwisho kabisa alama chache nyeupe, pasipo na mafuta chini.

Kuna wakati wa kukiuka utaratibu huu kwa makusudi. Chora kwa mshumaa mweupe mahali unapotaka mwanga ubaki, kisha paka rangi ya maji juu: nta itaikataa rangi na mstari utatokea mweupe. Mvuke wa kikombe unaweza kupatikana hivyo. Jaribu pembeni kwanza, kwa sababu nta haitoki.

Kwenye ukuta wa nyuma, changanya rangi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, inamisha ubao kidogo, na pitisha brashi bapa toka juu hadi chini bila kurudi nyuma. Rangi ya maji hupauka ikikauka, hivyo ianze ikiwa imekoza kidogo zaidi ya unavyotaka. Akriliki hufanya kinyume, hukoza kidogo. Subiri ikauke kweli. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa baridi, bado ina maji.

Penseli na mkaa havipatani vizuri. Penseli nyeusi iliyojazwa sana huacha uso unaong'aa, na mkaa hauna pa kushika hapo. Giza kuu la mchoro liache kwa mkaa peke yake, juu ya karatasi ambayo penseli haijaijaza. Chini ya viganja nilisugua mkaa kwa ubavu wake, nikaulainisha kwa kidole upande wa ukutani, na upande unaogusa kikombe nikauacha mkali. Kwenye ngozi nilitumia 2B, mistari mifupi inayozunguka vifundo vya vidole, na raba laini kunyanyua mwanga juu ya kila kifundo.

Eneo la jeli lina uso wa plastiki. Penseli itateleza juu yake. Ukitaka kuchora hapo, lipake kwanza jeso (rangi ya msingi) isiyo na rangi, ambayo huacha ukwaruvu kidogo. Ukiwa unabandika karatasi, paka PVA nyembamba chini yake na juu yake pia, kisha ikandamize chini ya vitabu ukiwa umeweka plastiki katikati.

Vumbi la mkaa na pasteli usilipulize kwa mdomo. Inamisha ubao na uugonge kidogo, dirisha likiwa wazi.

Hatua ya 7: Ifiche picha

Kazi ikifika kama theluthi mbili, weka chapa zote kwenye droo. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha mchoro na nakala. Kamera huchukua mshono wa nguo na jicho la mtu kwa uzito uleule. Wewe una mahali unapotaka mtazamaji afike. Chagua sehemu moja ya kingo kali na giza zito kando ya mwanga mkali. Kwetu ni pale vidole vinapokutana na kikombe. Kwingine kote legeza: acha mstari wa mkono upotelee ukutani, acha maua ya nguo yaishe kabla ya ukingo wa karatasi.

Ili kuona makosa, upige picha mchoro wenyewe, uigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu, na uitazame ikiwa ndogo. Yale makundi matatu ya toni yasimame. Yakichanganyikana, kwa kawaida kinachokosekana ni giza, wala si maelezo zaidi. Kuutazama mchoro juu chini au kwenye kioo nako kunasaidia.

Edgar Degas, mchoraji wa Ufaransa, alizoea kuchapa picha kwa wino mweusi kisha kuipaka pasteli juu, na kwenye baadhi ya kazi hizo wino wa chini unaonekana wazi. Hakulazimisha tabaka la juu limalize lote la chini. Nawe ukiona ukuta umetosha kwa rangi ya maji pekee, usiuongezee chochote.

Kurekebisha kunategemea nyenzo. Mkaa hunyanyuliwa kwa raba laini, kwa kubonyeza bila kusugua. Rangi nyingi za maji hulainishwa kwa brashi yenye unyevu na kufyonzwa kwa karatasi laini. Wino kwenye karatasi nzito unaweza kukwanguliwa taratibu kwa ncha ya wembe. Akriliki iliyokauka haitoki; ifunike kwa jeso nyeupe, au bandika kipande cha karatasi juu na ukichore kana kwamba kilikuwa kwenye mpango.

Hatua ya 8: Kinga kazi yako

Mkaa na pasteli kavu zinahitaji dawa ya kugandisha ya kupuliza. Pulizia nje, umbali wa kama sentimita 30, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Dawa hukoza pasteli kidogo, kwa hiyo alama za mwisho za mwanga ziweke baada yake. Dawa ya nywele ambayo wengine huitumia badala yake hugeuka njano kadiri muda unavyopita.

Pasteli za mafuta hazikauki kabisa. Mchoro wenye pasteli hizo uwekwe kwenye fremu yenye kioo, na fremu ya kadibodi katikati ili kioo kisiguse uso. Usiutundike panapopigwa na jua moja kwa moja. Wino wa kalamu nyingi za kuchorea na wa printa nyingi za nyumbani hufifia upesi kwenye mwanga. Kama bado huna fremu, ulaze bapa ukiwa umefunikwa kwa karatasi nyembamba isiyo na asidi, bila kitu kizito juu.

Weka sahihi kwa penseli. Nyuma ya karatasi andika mwaka, orodha ya nyenzo kwa mpangilio ulioziweka, na jina la faili ya picha uliyotumia. Chapa ya toni tatu yenye maelezo yako usiitupe, kwa sababu picha ileile inaweza kuzaa mchoro mwingine ukibadilishana kazi za nyenzo: nguo kwa mkaa safari hii, na mikono ihamishwe kwa jeli.